Kifuko Kwenye Kongosho la Dobi

Benchi lilikaa kati ya duka la dobi na kibanda cha fundi simu, pale barabara ya lami inapopokea kichochoro cha kutoka sokoni. Jioni, birika la kahawa likishaanza kuchemka, wenye benchi hawakosekani. Kuna Fundi Simu, anayeweza kubishana na bisibisi ikiwa mdomoni. Kuna Komredi, mstaafu wa ofisi ya serikali ambaye haamini chochote kinachotoka ofisi za serikali. Kuna pia yule wanayemwita Daktari, kwa sababu alilinda geti la hospitali mpaka mvi zikamtoka. Wa nne ni Dobi mwenyewe. Siku hiyo alikaa pembeni, kikombe kimempoa mkononi, na hakuna utani uliomchekesha.

— Wewe leo vipi? akauliza Fundi Simu. Umezima kabisa, hata ukipigwa hupatikani.

Dobi akatupa jicho ng'ambo ya barabara, kwenye duka la ushonaji la mkewe. Cherehani ilikuwa inanguruma. Akashusha sauti.

— Nimekutwa na kitu tumboni.

Alikwenda hospitali na maumivu ya ubavu, akidhani ni mawe ya figo. Figo zikakutwa salama. Lakini kipimo kikaona kifuko kwenye kongosho, kimejaa maji, ukubwa wa zabibu. Wakampeleka kwenye mashine kubwa zaidi, ile unayolazwa ukasukumwa ndani ya tundu. Kifuko kikaonekana palepale.

— Kongosho ndiyo nini tena? akauliza Komredi.

— Iko nyuma ya mfuko wa chakula, akadakia Daktari. Imejificha huko. Ndiyo maana ikiharibika, mtu hajui mpaka mambo yameshakwisha.

Fundi Simu akamkanyaga mguu.

— Na daktari, namaanisha daktari wa kweli, amesemaje?

— Amesema picha peke yake haitoshi. Vifuko vingine ni maji matupu, mtu anazeeka navyo. Vingine vina ute, na hivyo vinaweza kugeuka saratani. Keshokutwa wananipitisha mpira mdomoni. Una kamera na sindano. Wanyonye yale maji wakayapime.

— Sindano? Fundi Simu akaitoa bisibisi mdomoni. Thubutu! Betri ikivimba, mimi huwa naitoboa? Nikiitoboa inalipuka hapahapa, na benchi linakwenda.

— Binadamu si betri, Komredi akasema.

— Kilichovimba kimevimba tu!

— Mimi nimekaa getini, akasema Daktari, macho chini. Nimewaona wa kongosho. Wanaingia wanatembea wenyewe.

— Malizia basi, akasema Dobi.

— Nimalizie nini? Wanaingia wanatembea. Kutoka, hutolewa kwa mlango wa nyuma.

Dobi akaimwaga chini ile kahawa baridi.

— Acheni kumtisha mwenzenu, Komredi akafoka. Hakuna kitu mle! Wamenunua mashine mpya, lazima ionekane inafanya kazi. Ungewapelekea goti, wangekuta kitu gotini.

— Lakini maumivu ninayo, Komredi.

— Basi ni mvuke. Miaka yote hiyo unavuta mvuke wa pasi. Mvuke ukipoa unakuwa nini? Maji! Yametafuta mahali yakatulia.

— Na sabuni je? Fundi Simu akaruka. Huo ute si ndiyo sabuni?

Dobi, mtu mzima na akili zake, kwa muda kidogo akaamini. Akaweka kiganja tumboni, akatamani iwe sabuni kweli.

Jambo moja hakuwaambia. Daktari wa hospitali alimuuliza kama kwao kuna aliyewahi kuugua kongosho, naye akajibu hapana. Ulimi ulijibu kabla yake. Kaka yake mkubwa alifia nyumbani kwa Dobi, ngozi ya manjano, amebaki mifupa. Aliyemnyanyua, kumwogesha na kumlisha kijiko kwa kijiko alikuwa mke wa Dobi. Baada ya mazishi, mwanamke yule alikaa kwenye kitanda kitupu akasema, "Mungu anisamehe, hili siliwezi mara ya pili."

— Samahani jamani, sauti ikasema.

Wakageuka. Dada mmoja alikuwa amesimama kibandani, akisubiri simu yake ibadilishwe kioo. Hakuna aliyekuwa amemwona.

— Nauliza tu, kaka. Mkeo anasemaje?

Fundi Simu akakumbuka ghafla kwamba ana kazi. Komredi akachungulia kikombe chake. Daktari akakohoa.

— Hajui, Dobi akasema.

— Sisi tunajua, shemeji hajui? Daktari akauliza taratibu.

Dobi akasimama, akavuka barabara. Mkewe alikuwa anashona kola, pini zimebanwa midomoni. Akamweleza yote akiwa wima mlangoni, bila kupumua vizuri. Mkewe akatoa pini mojamoja, akazichomeka kwenye kitambaa.

— Tangu lini?

— Wiki ya tatu sasa.

— Ndiyo maana hulali. Mimi nilidhani una mwanamke. Heri ungekuwa na mwanamke.

— Ulisema huwezi mara ya pili.

— Nilisema. Na mpaka sasa sijui kama nitaweza. Ulitaka nijue siku gani? Siku ya kuitwa nije kukuchukua?

Dobi akaokota pini iliyoanguka, akampa.

— Habari za kaka yako umewaambia kule hospitali?

Akatikisa kichwa. Mkewe akaifunika cherehani.

Siku ya kipimo walikwenda pamoja. Hata kabla ya kukaa, mkewe alimwambia daktari: "Kaka yake alikufa kwa kongosho, mikononi mwangu." Yule daktari akaweka kalamu chini, akaanza kuuliza upya, safari hii akimuuliza mke.

Majibu ya yale maji yalipotoka, kifuko kilikuwa na ute. Chembe za saratani hazikuonekana. Lakini kwa sababu ya kaka, daktari alisema, hatakiacha kikae bila kutazamwa: Dobi atarudi kwenye mashine kila baada ya miezi sita, na kikikua, au kikianza kuota kinyama kigumu ndani, watapasua.

Wakatoka. Kwenye ngazi za hospitali Dobi akasimama.

— Sasa tufurahi au tulie?

— Sijui, mkewe akasema. Nishike mkono tushuke.