Pazia la Kuzuia Macho

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya magogo mawili, chini ya kibanda cha mabati kisicho na kuta. Kutoka hapo, ukivuka barabara, hadi baraza la dada yangu ni hatua nane. Nimezihesabu mara nyingi kuliko inavyostahili. Kwenye baraza kuna cherehani yake, na nyuma ya dirisha kuna mimi na mashine ya kutoa nakala, kwa hiyo yanayosemwa kijiweni nayasikia yote, nitake nisitake. Wenyeji wa benchi ni watatu. Kamusi ni karani mstaafu mwenye methali kwa kila jambo, ingawa mara nyingi si ile inayotakiwa. Waya ni fundi wa redio. Refa ni kinyozi. Amechezesha mechi moja tu maishani mwake, nayo ikavunjika kabla ya mapumziko, lakini tangu siku hiyo yeye ndiye mwamuzi wa kila ubishi. Muuza kahawa huweka birika lake mwisho wa benchi na kumimina bila kusema neno.

Jumatatu asubuhi msimamizi wa jengo alipita barazani. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kazi, anamnyonyesha mwanawe wa miezi mitano, mguu mmoja ungali juu ya kikanyagio cha cherehani. Msimamizi akaukazia macho ukuta na kuuambia ukuta huo kwamba kufikia Ijumaa fundi awe amehamishia vitu vyake stoo ya nyuma, au atafute jengo jingine. Stoo hiyo naijua. Haina dirisha, imejaa madebe ya rangi, na harufu yake hukaa kooni mpaka jioni. Humo huwezi kuliona tundu la sindano, na mteja hawezi kukuona wewe. Mtoto kukaa humo, sikutaka hata kufikiria.

Nilitegemea dada abishane. Hakubishana. Aliuliza jambo moja tu.

— Shida ni mimi kunyonyesha, au shida ni watu kuona?

— Kunyonyesha ni haki ya mtoto, mama, ukuta ukaambiwa. Shida ni wale wa benchi kuona. Wamesema hawana raha.

Nikaiandika sentensi hiyo nyuma ya karatasi iliyoharibika, kama ilivyotoka, na saa yake: saa tatu na dakika kumi. Nisipoweza kusema, huwa naandika.

Habari ilivuka zile hatua nane kabla birika la pili halijaisha. Na hapa niwape haki yao, watu wa benchi walishtuka. Waya ana mashati mawili yaliyogeuzwa kola na dada, na Refa bado hajachukua koti lake la kinyozi. Refa akaitisha kikao papo hapo, akataka kujua ni nani aliyempelekea msimamizi maneno.

— Mimi nilisema tu kwamba nikinywa kahawa sijui niangalie wapi, akakiri Kamusi.

— Angalia kahawa, akasema muuza kahawa. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu wiki iliyopita.

Kamusi hakupenda. Akaanza kueleza kwamba yeye hana neno na mama wala mtoto, neno lake ni utaratibu. Samaki mkunje angali mbichi, akasema; mtoto huyu angezoeshwa tangu mapema kunyonya asubuhi na jioni, kama watu wote wanavyokula, mchana mama yake akashona kwa amani. Mvumilivu hula mbivu. Refa akamuuliza ana watoto wangapi. Saba. Na hao saba walikuwa wananyonya saa ngapi?

— Hayo yalikuwa ya mama yao, akasema Kamusi. Mimi nilikuwa ofisini.

Waya akaliona jambo kwa jicho la kitaalamu. Kwa maelezo yake, maziwa yakitoka nje hukutana na mawimbi ya mnara wa simu, na mtoto anayenyonyeshwa barabarani atakua na kichwa kinachopokea stesheni mbili.

— Zote kwa pamoja? akauliza Kamusi.

— Moja ya habari, moja ya muziki. Utamtuma chumvi, atakuletea matokeo ya mpira.

Neno mpira likamwamsha Refa. Alikuwa na nadharia aliyoitunza muda mrefu, kwamba washambuliaji wetu hupiga nje ya goli kwa sababu walinyonyeshwa penye kelele, wakazoea kugeuza shingo kila pikipiki inapopita. Kamusi akapanda juu zaidi. Akakumbusha mkokoteni uliogonga nguzo ya umeme Jumatano iliyopita, mtaa mzima ukakaa gizani: msukumaji wake alikuwa akitazama barazani. Nilitaka kutoka nje niseme si kweli. Fomu ya ajali ile niliitolea nakala tatu kwa mkono wangu, na sababu iliyoandikwa ni gurudumu kuchomoka. Lakini miguu yangu haina ujasiri wa ulimi wangu, na ulimi wenyewe hauna mwingi.

— Wahenga walishasema, akamalizia Kamusi. Mficha uchi hazai. Ndiyo maana nasema ajifiche.

— Hiyo si inasema kinyume chako, mzee?

— Methali ni kubwa kuliko wewe, Refa. Usiikosoe.

Kisha Waya, ambaye kwa kawaida hana methali, akasema polepole kwamba tatizo ni dogo tu, ni vile macho hayana pazia. Refa akaweka kikombe chini kama mtu aliyesikia filimbi.

— Basi tuliweke.

Nadhani hakuna benchi jingine lingefikia uamuzi huo kwa moyo safi kiasi kile. Fundi abaki barazani, cherehani ibaki kwenye mwanga, mtoto anyonye. Wao watagharamia pazia zito la kumzungushia, na msimamizi hatakuwa na la kusema. Walipeana mikono. Kamusi akapima baraza kwa pima za mikono yake, Waya akaandika vipimo kwenye boksi la betri. Kisha wakasimama wanatazamana, kwa sababu mtaa huu una fundi cherehani mmoja.

Wakaenda wote watatu, Refa mbele. Dada alikuwa na pini nne mdomoni na mtoto kifuani, chini ya khanga. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini, akapokea lile boksi la betri na kulisoma pande zote.

— Pazia la kuzuia nini?

— La heshima tu, Fundi, akasema Refa.

— Heshima ya nani?

Kamusi akakohoa. Refa akasema heshima yake yeye, bila shaka, kwani wao wanamhesabu kama binti yao, na binti hawezi kukaa vile.

— Yangu ninayo, baba, sijaipoteza, akasema dada. Niambieni kazi. Mnataka macho ya benchi yasione baraza. Ndiyo kazi?

— Ndiyo hiyo hiyo, wakasema pamoja, wakifurahi kwamba wameeleweka.

— Ijumaa asubuhi litakuwa tayari.

Nilingoja waondoke ndipo nikatoka. Nikamwambia dada kwamba akikubali kufungiwa kwenye pazia, kesho watataka na dari. Nikamwambia naweza kuandika barua kwa mwenye jengo, nimeshaiandika, rasimu ya tatu iko kwenye mashine. Yeye akanitazama kama anavyotazama mshono uliopinda, bila hasira.

— Mdogo wangu, barua wataisoma wakiwa wameketi, na wataendelea kuketi. Shika mtoto.

Mtoto akanicheulia begani. Dada akachukua futi yake ya kupimia, akashuka barazani, akavuka barabara. Kwa wakati ule sikujua anaenda kupima nini, na watu wa benchi walikuwa wameondoka kula.

Alishona siku tatu, katikati ya kazi za watu wengine. Kitambaa kilikuwa kizito, rangi ya udongo, na pindo lake alilirudia mara mbili kwa sababu ya upepo. Kila mtoto alipolia alisimamisha gurudumu, akamnyonyesha palepale, macho mbele. Alhamisi jioni alimwomba Waya waya mgumu na misumari minne. Waya akampa na kumtakia kazi njema.

Ijumaa wenyeji wa benchi walifika saa mbili na kukuta pazia limetundikwa. Lilikuwa kwenye kibanda chao. Lilishuka kutoka kwenye mabati upande wote unaotazama baraza, limenyooka kama ukuta, limeacha nafasi ya shibiri moja chini. Muuza kahawa alikuwa tayari ndani na birika lake, na kwa kuwa ilipo kahawa ndipo walipo, wakaingia, kisha Kamusi akatoa kichwa.

— Fundi, sisi tulisema baraza.

— Mlisema macho ya benchi yasione, akajibu dada toka kwenye kiti chake. Benchi ndilo hilo. Hamtaona kitu.

— Na barabara je? Tutaonaje watu wanaopita?

— Mkitaka kuona, fungueni. Mkiona haya, fungeni. Kamba nimeiweka upande wenu.

Kichwa kikarudi ndani. Nikasikia ubishi wa chinichini, kisha Refa akitoa uamuzi kwamba kukubali kufungua sasa hivi, mbele ya fundi, ni kushindwa kwa mabao matatu. Wakabaki.

Saa tatu msimamizi akaja. Dada alikuwa ananyonyesha. Alipoanza kuuambia ukuta kwamba leo ni Ijumaa, dada akaniita nisome ile karatasi. Nilisimama mlangoni. Nikaisoma kwa sauti, neno kwa neno: shida ni wale wa benchi kuona, wamesema hawana raha, saa tatu na dakika kumi, Jumatatu.

— Wanaona? dada akamuuliza.

Msimamizi akageuka kulitazama pazia. Akalitazama muda mrefu. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo akamtazama na dada, usoni, akasema basi, kazi njema, na akaenda zake. Dada hakutabasamu. Alimhamishia mtoto kwenye titi la pili na kunionyesha kwa kidevu kwamba nina mteja.

Alikuwa mama wa makamo mwenye mwavuli na bahasha ya vyeti, mgeni kabisa mtaani. Nilimhudumia: nakala sita, mbili za kila cheti. Alipotoka alimsalimu dada, akamshika mtoto unyayo, akauliza umri wake. Ndipo akaliona pazia, na chini yake viatu jozi nne zilizotulia, na akasikia mtu akivuta kahawa ya moto kwa midomo. Akanisogelea na kuniuliza kama kule ndani kuna wagonjwa. Nikasema hapana, wazima wote. Basi akavuka barabara, akasimama mbele ya kitambaa, akapiga hodi kwa mpini wa mwavuli kwenye nguzo ya kibanda.

— Samahani, wazee wangu. Mmefanya nini mpaka mkafichwa?

Kahawa ikaacha kuvutwa. Nilisubiri methali ya Kamusi, haikuja. Nilisubiri Waya aseme habari za mnara. Refa, ambaye huamua kila kitu, alikohoa mara moja na kuishia hapo. Yule mama alisubiri kwa adabu, bahasha kwapani, mwavuli mkononi. Kisha nikaona kitambaa kinatikisika upande wa kushoto, chini kidogo ya bati, na vidole vya mtu vikipapasa huku na huku, vinatafuta kamba.