Mkono wa Mshonaji Ubaki Juu

Ndugu wa karibu na wa mbali, majirani, wasomaji wake, na hata wewe shemeji uliyewahi kiti cha mbele, mimi ni dada wa marehemu, tumbo moja, na ukoo umenipa historia hii niisome kwa kuwa sauti yangu haihitaji kipaza.

Mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la pamba, mtoto wa tano kati ya saba, akalia mpaka majirani wakagonga ukuta, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1969, mimi nikiwa nimeishia la nne, na kila likizo alinisomea alichoandika huku nafua, nikipiga miayo anafuta.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa posta, chumba cha mitambo ya simu, akiunganisha waya za wapenzi, wadeni na waongo kwa miaka kumi na tisa, na humo ndimo alimookota maneno ya riwaya zake sita. Alipomuua fundi saa katika ile ya pili, wanawake wa mtaa walikuja na viti vyao kutupa pole, na muuza mkaa hakumsalimia mwaka mzima, akisema muuaji hasalimiwi.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1973, akajaliwa watoto watatu, na mwaka 1984, mume alipochoma mswada wake jikoni, alibeba watoto, mashine ya kupiga chapa na sufuria moja, akaja kwangu. Karatasi niliyopewa inasema walitengana kwa muda. Muda gani huo, jamani, wa miaka thelathini na tisa? Aliondoka, hakurudi, na wazee waliokuja kumbembeleza walikunywa chai yangu wakaenda zao.

Alianza kuugua figo Agosti 2022, akalazwa, akatoka, akalazwa tena, akiandika kitandani riwaya ya saba, ya mshonaji aliyefukuzwa na mumewe, ambaye ukurasa wa mwisho anasimama mbele ya mlango wa mume huyo, mkono juu, hajagonga. Hapo marehemu aliweka nukta, akafunika kalamu, akaniambia amemaliza, na nilipomuuliza kama atagonga, alinijibu nisiwe mmbea. Alifariki tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, nikimpaka mafuta miguuni.

Sasa karatasi inataka nitangaze kwamba riwaya haikuisha, na kwamba kikao cha ukoo kimemteua mwanawe wa kwanza, mwalimu, aimalizie, mshonaji agonge, afunguliwe, wasameheane. Sitangazi. Mwanangu, kulia ruksa, kumalizia hapana; mlishindwa kumrudisha mama yako akiwa na miguu yake, msimrudishe kwa wino akiwa jenezani. Mchapishaji, safu ya pili, mswada ninao mimi, kama unaahidi kutoongeza hata mstari mmoja, nyoosha mkono tukuone.

Haya, tumeuona sote, shusha. Wa mshonaji ubaki juu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia na makaratasi yake shukani, majirani, wenzake wa chumba cha simu, na muuza mkaa, aliyekuja leo na kiti chake kama wale wanawake wa mtaa zamani.

Mdogo wangu, nukta yako iko pale pale ulipoiweka. Pumzika kwa amani.