Mama Pikipiki wa Chonyonyo: Historia ya Marehemu Auleria Kokwijuka Melkiory

Baba Paroko, watawa, viongozi wa kijiji na kata, watumishi wa zahanati, wakwe zetu mliotoka Isingiro, majirani, na ninyi nyote mliokanyaga matope ya jana kuja kulia nasi hapa Chonyonyo, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni Ildefonsi Rogasian, kaka mkubwa wa marehemu Nestory aliyekuwa mume wake, kwa hiyo tunayemzika leo alikuwa shemeji yangu. Familia ilipopanga shughuli hii ilitaka historia isomwe na mtu mwenye macho mazuri na sauti nzuri, mimi sina hata kimoja, lakini niliomba niisome mwenyewe, na sababu mtaielewa nitakapofika mbele.

Marehemu Auleria Kokwijuka Melkiory alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 14 Machi 1972 kijijini Isingiro, ambako leo ni Wilaya ya Kyerwa na wakati huo palikuwa Karagwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Melkiory na Mama Placida, wakulima wa migomba na kahawa, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alibatizwa akiwa na umri wa wiki tatu, akapata Komunyo ya Kwanza mwaka 1982 na Kipaimara mwaka 1985.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Isingiro kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akachaguliwa kujiunga na sekondari ya wasichana mjini Bukoba mwaka 1987 hadi 1990, kisha akasomea uuguzi wilayani Muleba kuanzia mwaka 1991 hadi 1993. Dada zake wanasimulia kwamba likizo yake ya kwanza kutoka chuoni aliwachanja kuku wote wa nyumbani kwa mwiba wa mchungwa na maji ya chumvi, na kuku wawili wakafa, jambo ambalo hakupenda likumbushwe.

Tarehe 1 Julai 1994 aliajiriwa kuwa muuguzi katika zahanati yetu hapa Chonyonyo, na hapa alibaki miaka thelathini, akikataa uhamisho mara mbili. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa huduma ya mkoba, yaani kuchukua kasha la chanjo na kuwafuata akina mama na watoto huko nyuma ya vilima ambako mtu hawezi kushuka zahanati na kurudi kwa siku moja, na kasha hilo alilibeba kichwani kwa miguu, mvua na jua, mpaka mtu akiliona linapita juu ya majani ya migomba alijua aliye chini yake ni nani.

Tarehe 16 Novemba 1996 alifunga ndoa takatifu na mdogo wangu Nestory, mwalimu wa shule ya msingi, na mimi ndiye niliyeongoza msafara wa posa wenye rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenda Isingiro, safari ambayo nusu ya rubisi iliishia njiani na mpaka leo wakwe zetu hawajatusamehe. Mungu aliwajalia watoto wawili, Deodatha aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1998, na Placidius aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 2002. Nestory alifariki dunia tarehe 9 Agosti 2012 kwa ugonjwa wa moyo, akaacha mjane, watoto, kibanja hiki cha migomba tulichosimama pembeni yake, na pikipiki moja nyekundu, ambayo shemeji yangu aliifunika mkeka na kuiweka sebuleni.

Sasa naomba mnivumilie, maana hii ndiyo sehemu iliyonifanya niombe kusoma.

Baada ya karibu mwaka mmoja wa ujane, Jumapili ya tarehe 4 Agosti 2013, akiwa na miaka arobaini na mmoja, shemeji yangu aliufunua ule mkeka, akaisukuma pikipiki mpaka uwanja wa mpira wa shule, akamwomba Gosbert, dereva wa bodaboda ambaye yuko hapa, amfundishe kuiendesha. Alivaa suruali ya marehemu mume wake na juu yake akafunga kanga mbili, na kijiji kizima kilichotoka misa ya pili kilikaa kwenye nyasi kutazama. Siku ya kwanza injini ilimzimikia mara kumi na tisa, siku ya pili aliingia na pikipiki katika shimo jipya la kupandia mgomba, na mimi niliyekuwa miongoni mwa watazamaji nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikasema kwa sauti kwamba huyo sasa amepandwa, tusubiri mkungu. Alijipangusa udongo, akarudi kupanda, na ilipofika Oktoba alikuwa anakwenda na kasha la chanjo nyuma ya kiti mpaka vijiji ambavyo zamani alivifikia mara moja kwa miezi mitatu.

Sisi ukoo hatukupendezwa, na sitaki kuwasingizia wengine, mimi ndiye niliyekuwa mbele. Tarehe 18 Januari 2014 aliteleza kwenye mteremko wenye kokoto akavunjika mkono wa kushoto, na Jumapili ya wiki iliyofuata, tarehe 26, niliitisha kikao cha ukoo nyumbani kwa baba yetu Mzee Rogasian. Nilisema mambo matatu, kwamba mjane kutanua miguu juu ya chombo cha mume wake ni aibu kwa ukoo, kwamba watoto watabaki yatima wa pande zote mbili, na kwamba injini ile inayotetemeka chini yake itamharibia kizazi. Kikao kilikubali, ufunguo ukachukuliwa kwake akiwa na bandeji mkononi, nikakabidhiwa mimi niutunze, nikautia katika mfuko wa ndani wa koti langu la kanisani, koti hilihili nililovaa.

Tangu Machi alipopona alirudi kubeba kasha kichwani. Alipita mbele ya nyumba yangu kila Jumatano, akanisalimia vizuri, akauliza hali ya watoto na ya ng'ombe, na hakuwahi kuutaja ufunguo hata mara moja, na kwa kweli nilitamani anitukane kuliko ile salamu.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 6 Mei 2014 Mzee Rogasian aliamka na ngiri iliyojibana, tumbo limekaza, anatapika. Mvua ilikuwa imeng'oa daraja dogo, magari hayapiti, bodaboda wote walikuwa mnadani ng'ambo ya mto, na watu wa engozi, machela yetu ya kubebea wagonjwa mabegani, walisema mpaka hospitali ni mwendo wa kutwa nzima. Shemeji alimpapasa Mzee tumbo kwa kutumia mkono wa mama yetu, yeye akielekeza tu, maana kwa desturi ya kwetu baba mkwe na mkamwana hawagusani, akasema kutwa nzima Mzee hana. Nilikwenda nyumbani nikavaa koti langu, nikarudi, nikampa ufunguo mbele ya watu wote, naye aliupokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa sadaka, akauliza tu kama mafuta yamo.

Lakini Mzee alikataa kupanda. Alisema bora afe kuliko kujiegemeza mgongoni kwa mkamwana wake, na aliyemjua Mzee anajua kwamba hakuwa anatania. Ikabidi apatikane mtu wa kukaa katikati, ambaye mkamwana anaweza kumbeba na Mzee anaweza kumshika, na mtu huyo, ndugu zangu, nilikuwa mimi. Basi tulipanda watu watatu, mshikaki kamili, shemeji mbele, mimi katikati nimemshika kiuno mwanamke niliyempiga marufuku, na baba yangu nyuma amefungwa kwangu kwa kanga, tukashuka mtoni, tukapanda, tukapita kijiji cha Ndama watu wamejipanga kando ya barabara wakitutazama, na dada yangu aliyeolewa huko akafunika uso kwa kitenge. Mimi nilifumba macho safari nzima. Mzee alipasuliwa kabla ya saa nane mchana, akapona, akaishi miaka minane zaidi, na kikao kilichofuata alisema maneno machache tu, kwamba ule ufunguo usirudi kwa Ildefonsi.

Kuanzia hapo hakuna aliyemzuia. Mmemwita Mama Pikipiki, na wapo hapa watoto waliozaliwa salama kwa sababu alifika kwa wakati.

Mwezi Novemba 2023 marehemu alianza kutokwa na damu, na tarehe 22 Januari 2024 alipimwa akakutwa na saratani ya mlango wa kizazi, ugonjwa ambao yeye mwenyewe aliniagiza niutaje hapa kwa jina lake, maana alisema amewapeleka wanawake mamia kupimwa na yeye mwenyewe akawa anasema kesho. Alipata tiba ya mionzi jijini Mwanza tangu Februari hadi Juni 2024, akapata nafuu, lakini mwezi Desemba hali ilibadilika, na Alhamisi tarehe 13 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia nyumbani kwake, mkono wake ukiwa katika mkono wa Deodatha, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Tangu juzi hapa msibani kuna maneno, na yamenifikia. Inasemwa kwamba pikipiki ndiyo iliyomharibia kizazi, na kwamba iuzwe kabla Deodatha hajairithi, yeye ambaye ni afisa ugani, kazi yake ni ya kuzunguka vijiji vya Kyerwa, na mama yake alishamfundisha. Ndugu zangu, maneno hayo nayajua, niliyazaa mimi tarehe 26 Januari 2014, sikuyasomea popote, niliyatunga kwa hasira, na miaka kumi na moja nimeyaacha yatembee bila kuyaita yarudi. Daktari ametueleza kwamba ugonjwa huu huletwa na kirusi, hauletwi na pikipiki, wala baiskeli, wala kiti, na kwamba ukiwahiwa unatibika. Nilidanganya, na alijua kwamba nimedanganya, na akanibeba.

Desemba aliposhindwa kutembea aliniita, akanipa ufunguo, akasema nimtunzie kwa kuwa nilishawahi kuutunza, kisha akacheka mpaka akakohoa, nami nililia. Deodatha, njoo mwanangu, mbele ya kaburi la baba yako na la mama yako, upokee.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na wa hapa wilayani, Baba Paroko aliyemletea Sakramenti kila Ijumaa, watumishi wenzake wa zahanati waliomwogesha kwa zamu, wakwe zetu wa Isingiro, Gosbert na bodaboda wote mlioleta jeneza lake kwa msafara mkiwa mmewasha taa, na majirani mliochimba kaburi katika mvua. Kama kuna jina la mtu tumelisahau, atusamehe, kichwa cha mfiwa ni debe lililotoboka.

Shemeji, safari ya leo sikuweza kukaa katikati. Pumzika kwa amani, ufunguo nimeshaurudisha.