Mang Dulo na Dakika Kumi na Moja za Ukutani

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Teodulo Manalastas anastaafu baada ya kubeba kamera ya kituo hiki cha televisheni miaka thelathini na mitatu. Sote tunamwita Mang Dulo, yaani Mzee Dulo. Mimi nimemvutia waya wa kamera miaka ishirini na sita, kwa hiyo nilipoambiwa kuna kijana wa ofisini ataandika, nilisema haandiki mtu ila mimi. Mwandiko wangu mbaya, ila mambo nayajua.

Alianzia fiesta, sherehe za mitaani, akaenda mpira wa kikapu, kisha akapewa mbio za vizuizi kwa sababu wenzake hawakutaka tope. Mwaka wa kwanza kule Porac watazamaji walikuwa mama za wakimbiaji na muuza balut. Mayai yake yalibaki.

Mwaka wa tatu meneja alisema wazi: leo wasipopatikana watazamaji, mbio zinatoka hewani na Mang Dulo anakwenda kulinda stoo. Kamera ya pili ikaingia maji asubuhi hiyo hiyo. Ikabaki yake.

Sasa mwongozaji wetu, Direk Marivic, jina likimtoroka husema nanihii, kama sisi wote hapa Pampanga. Akasema kwenye vipokea sauti, "Mang Dulo, nipe nanihii, yule wa nanihii." Alimtaka mshindi akifika kwenye kengele ya kumalizia. Mang Dulo akageukia ukuta wa mbao, ambako Analyn Batungbakal, fundi viatu wa Marikina, mkimbiaji wa mwisho kabisa, alikuwa anaanguka mara ya nne.

"Si huyo. Yule nanihii mwingine."

"Direk, nanihii ni huyu."

"Mshindi anamaliza, mzee."

"Basi huyo ana lake. Huyu bado."

Dakika kumi na moja kamera haikutikisika, maana waya niliushika mimi. Analyn alianguka mara tisa. Mara ya kumi vidole vikashika juu, na hapo hapo likaingia tangazo la sabuni, na muda wetu ukaisha.

Simu za kituo zikalia mpaka mlinzi akasaidia kupokea. Wote waliuliza: kavuka au hakuvuka? Meneja alikuwa na barua ya kutufuta mkononi. Akaitumia kujipepea. Kwenye mbio zilizofuata, jeepney za abiria zilipanga foleni hadi daraja la mto, watu wamekuja kumwona Analyn ana kwa ana. Alikuwa amevuka. Mama wa mshindi hatusalimii mpaka leo.

Sasa tuna kamera kumi na mbili na moja inayoruka. Mang Dulo ndiye aliyewafundisha wapigapicha wake wote kumsubiri wa mwisho, na waliobisha niliwaambia mimi.

Kesho yake, Jumamosi, kuna mbio. Anasema atazitazama nyumbani Guagua na mkewe, Aling Pacing. Aling Pacing ameshaomba tusogeze runinga mbali na mlango, mzee asije akatoroka kwenda kushika kamera.

Asante, Mang Dulo. Tunakuombea magoti yapone, siku ziwe nyingi, na ukae pakavu.