Bwana Alinitoa Ulingoni Akanipeleka kwa Mama Issa

Ndugu zangu, jina la Bwana lipewe sifa asubuhi hii. Wazee wangu, shikamooni. Mimi naitwa Oswald. Wengi hapa Kitangari mnaniita Baba Skola, na wale mliokuwa mnakuja viwanjani mnanijua kwa jina la Greda. Mtaniwia radhi nikisoma kwenye daftari. Kichwa changu hakishiki mambo kwa mpangilio kama zamani, na leo sitaki kuruka hata jambo moja, hasa yale yanayonitia aibu.

Nilizaliwa Mkunya, katika familia ya wakulima wa korosho na muhogo. Nilikuwa na mwili mkubwa tangu nikiwa kijana, na nilikuwa napenda kutazamwa. Basi lilipokuja kundi la mieleka Masasi, lile lililokuwa linazunguka msimu wa korosho watu wakiwa na raha, nikaenda kujiunga. Kiongozi wetu tulimwita Bosi. Akanitazama mabega, akasema, "Wewe ni Greda, kama lile la kuchonga barabara." Jina likanikaa.

Ndugu zangu, mieleka yetu ilikuwa ya maonyesho. Nani ashinde na nani ashindwe tulipatana kabla ya kupanda ulingoni. Lakini mwili ukianguka, umeanguka. Hapo hapakuwa na mapatano. Ulingo wenyewe ulikuwa mbao juu ya matairi, magodoro ya sufi na turubai juu yake, na magodoro yale yalikuwa yamelala mpaka ukianguka unasikia mbao. Kila wiki tulianguka. Tulianguka Newala, tulianguka Masasi, tulianguka vijijini huku tukicheka.

Mwenzangu alikuwa Issa. Wengi mnamkumbuka, fundi baiskeli wa hapa Kitangari, mtoto pekee wa Mama Issa. Mwembamba, mwepesi, mcheshi. Mimi nilikuwa mbaya na yeye alikuwa mzuri, ndivyo tulivyopangwa, na watoto walimshangilia yeye. Mwishoni nilikuwa namwinua, namgeuza kichwa chini miguu juu, halafu nakaa naye chini kwa kishindo. Watu waliita kupanda muhogo. Ukifanya vizuri, kichwa cha mwenzako hakigusi turubai, umekibana katikati ya mapaja yako. Ukikosea kidogo tu, kinagonga. Issa aliniamini. Alikuwa anajiachia mikononi mwangu kama mtoto mchanga.

Mimi mwenyewe kichwa changu kilikuwa kimegonga mara nyingi. Mara ya kwanza nilizimia Newala, nikaamka nimeshamwagiwa maji, nikaambiwa nisimame watu wananisubiri. Nikasimama. Baada ya hapo kichwa kikaanza kuuma bila kuacha. Jua likawa linanichoma macho. Bosi akanipa vidonge vya maumivu, vile vikali ambavyo hospitali huwezi kupewa bila cheti. Akasema, "Meza kimoja, utakuwa mzima." Nikameza kimoja, nikawa mzima. Baada ya miezi michache nilikuwa nameza sita, tena nateremshia na nipa, ile pombe kali ya mabibo. Bila vidonge mikono ilitetemeka na jasho lilinitoka hata nikiwa nimekaa kivulini. Wenzangu wote walikuwa wanameza. Hatukuona kama ni ulevi, tuliona kama ni vifaa vya kazi.

Nyumbani nikawa mtu mwingine. Mke wangu, Mama Skola, akiweka sufuria chini kwa sauti, nilikuwa naruka kama nimepigwa. Nilimfokea mbele ya majirani. Nilikaa siku nzima nimeelekea ukutani, nalia, na sijui nalia nini. Halafu likaja jambo la Skola. Nilikwenda naye sokoni Newala, akiwa na miaka mitano. Nikarudi nyumbani kwa bodaboda peke yangu. Mke wangu akaniuliza, "Skola yuko wapi?"

Nikamjibu, "Skola nani?"

Ndugu zangu, sikuwa natania. Nilikuwa simkumbuki. Mama Skola alivua kanga akajifunga kiunoni, akakimbia barabarani. Alimkuta mtoto kwa mama mmoja anayeuza muhogo, amekaa kimya, amekataa kula. Alimwambia mama yake, "Baba aliniangalia akaenda." Siku ya pili mke wangu alimchukua mtoto wakaenda kwa wazazi wake Mkunya. Sikumzuia. Nilimeza vidonge nikaenda kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa Nanganga, pale kiwanja cha mpira karibu na barabara kuu. Tukiwa tunavaa, Issa alinifuata nyuma ya lori la kundi letu. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Akaniambia, "Kaka, leo usinipande. Juzi kiligonga. Tangu juzi naona vitu viwili viwili."

Nikamwambia, "Sawa."

"Umenisikia, kaka?"

"Nimekusikia."

Tukapanda ulingoni. Tulicheza vizuri, watu walikuwa wengi. Mwishoni wakaanza kupiga kelele, mpande, mpande. Na mimi nikamwinua, nikampanda. Alipokuwa juu alinigonga mguuni kwa kiganja, ile ishara yetu ya kusimamisha, lakini mikono yangu ilikuwa imelegea kwa vidonge, nikaketi naye chini. Nilisikia kichwa chake kikigonga mbao. Watu wakashangilia.

Mara nyingi nimejiambia kwamba nilisahau. Leo mbele za Mungu nasema kweli: sijui. Sijui kama nilisahau alichoniomba, au nilisikia zile kelele nikazipenda. Nimemwomba Mungu anionyeshe. Hajanionyesha mpaka leo, na nimekubali kuishi hivyo.

Issa alisimama, akapunga mkono, akashuka. Tukapanda lori kurudi huku juu. Njiani alitapika mara mbili. Akaniambia kichwa kinapasuka. Nikampa kidonge changu, nikamwambia, "Lala, kesho utakuwa mzima." Maneno yale yale ya Bosi yalitoka kinywani mwangu.

Asubuhi yake mama yake alimkuta haamki vizuri, mdomo umekwenda upande. Alipelekwa hospitali, na huko wakaona hali ni mbaya, akapelekwa Mtwara. Waliambiwa damu imevujia ndani ya kichwa. Alipasuliwa, Mungu akamwachia pumzi. Lakini aliyerudi Kitangari hakuwa Issa yule. Upande wa kulia ulikuwa umekufa. Maneno yalikuwa machache na mengine hayaeleweki. Fundi aliyekuwa anafungua baiskeli na kuifunga huku anasimulia vichekesho, sasa ukimpa kijiko kinamponyoka.

Bosi alihama na lori lake, sijamwona tena. Mimi nilijifungia. Sikwenda kumwona Issa hata mara moja, na nyumba zetu haziko mbali. Nilipita njia ya nyuma kwenye mikorosho ili nisione mlango wao. Nilitaka kufa, ndugu zangu. Nasema wazi kwa sababu najua humu ndani yupo anayewaza hivyo na hajamwambia mtu.

Ndugu wa kanisa wakanileta hapa mbele niombewe. Mnakumbuka. Mwinjilisti aliweka mkono kwenye paji la uso wangu, akakemea, nikaanguka, mkamshukuru Mungu. Leo natubu jambo hilo. Mimi ni mtu wa mieleka, najua kuanguka. Niliona mnangoja nianguke, nikaanguka kwa ufundi, nikapiga mkono chini isiniumize. Mliomba kwa moyo safi, mimi nikawachezea onyesho. Nilitoka hapa nikaenda moja kwa moja kuvitafuta vidonge. Mnisamehe.

Lakini Bwana alikuwa hajanimaliza. Wiki ileile, asubuhi, nikasikia hodi. Kufungua, ni Mama Issa. Mama mzee, Mwislamu, amejitanda kanga yake, amesimama anahema kwa kutembea. Nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Skola. Umeshinda ndani tangu lini?"

Nilingoja anilaani. Nilikuwa tayari anilaani.

Akasema, "Mwanangu ni mzito na mimi mgongo umechoka. Jana aliniponyoka wakati wa kumwogesha. Watu wakimshika wanamwumiza bega. Wewe umemwinua miaka yote hii. Njoo umwinue."

Nilimfuata nyuma kama mbuzi wa kamba. Issa alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, amekonda. Aliponiona alinitazama sana. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akasema, "Ka-ka." Niliingiza mikono yangu chini ya mgongo wake na magoti yake, nikamwinua. Naye akajiachia, vilevile kama zamani. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanguka, na sikuanguka kwa mwili. Moyo wangu ulianguka mbele za Mungu, na hapakuwa na mtu wa kunitazama isipokuwa yule mama na mwanawe.

Kuanzia siku hiyo nilikwenda kila siku. Nilichota maji bombani kwa baiskeli, mnajua shida ya maji yetu, nikamwogesha, nikamgeuza, nikamlisha uji. Ikabidi niache vidonge, kwa sababu mikono iliyolegea ilikuwa imeshamwangusha mara moja. Nilijaribu kuviacha ghafla peke yangu, nikatetemeka na kutapika mpaka nikashindwa. Mama Skola akasikia, akaja kutoka Mkunya, akanipeleka hospitali Masasi, kwa muuguzi wa wagonjwa wa akili. Niliona aibu kukaa kwenye benchi lile. Muuguzi yule hakunicheka. Aliniambia kichwa kilichogongwa mara nyingi kinaumwa kama mguu unavyoumwa, na kwamba vidonge vinapunguzwa polepole, havikatwi kama kamba. Alinipa dawa nyingine na siku za kurudi. Nasema hili kanisani makusudi. Mungu aliyesikia maombi yenu ndiye aliyeniweka kwenye benchi lile.

Kilibaki kitu kimoja. Mama Issa hakuwa anajua kwamba mwanawe aliniomba nisimpande. Nilikaa nalo wiki nyingi, likanila. Siku moja alikuwa uani anatwanga kisamvu. Nikapiga magoti nikamwambia yote: alivyoshika kichwa, nilivyojibu sawa, alivyonigonga mguuni, na kidonge nilichompa kwenye lori.

Mchi ulisimama. Macho yake yalibaki ndani ya kinu. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Halafu akaendelea kutwanga. Alipomaliza akaniambia, "Kesho uje mapema. Maji ya bomba yanakatika saa mbili."

Hakuwahi kulisema tena. Na mimi nikaja mapema.

Nilimbeba Issa miaka miwili na miezi kadhaa. Siku nyingine alicheka. Siku nyingine alilia kama nilivyokuwa nalia mimi, bila sababu ya kuitaja, nikakaa tu karibu yake. Mama Skola na mtoto wakarudi nyumbani. Skola alichukua muda kunipa mkono njiani, na sikumlazimisha.

Mwezi uliopita, mlisikia, Issa alipata homa, kifua kikabana, akatutoka adhuhuri mama yake akiwa amemshika. Ndugu zake Waislamu walijaa uani. Walipokuwa tayari kumwosha, vijana watatu wa ukoo waliingia kumtoa kitandani. Mimi nilisimama nje ya mlango na wageni wengine, maana si mahali pangu. Nikamsikia Mama Issa akisema, "Mwacheni kwanza. Mwiteni Baba Skola. Yeye anajua anapoumia."

Watu walitazamana. Hakuna aliyemwambia kwamba mwanawe hawezi kuumwa tena. Mzee wa ukoo alinipa ishara ya kichwa, nikaingia. Niliweka mkono chini ya bega lile la kulia, taratibu, nikamwinua. Alikuwa mwepesi sana. Nikampeleka mahali walipoandaa, nikamlaza, nikatoa mikono yangu mmoja mmoja. Mama yake akasema, "Ahsante, mwanangu." Nikatoka nje nikawaacha wamfanyie yaliyo haki yake.

Ndugu zangu, ushuhuda wangu hauna mgonjwa aliyesimama akatembea. Namkumbuka rafiki yangu kila asubuhi, saa ile ya maji. Kichwa bado kinauma siku za jua kali, na narudi kwa muuguzi kila mwezi. Lakini namshukuru Mungu. Nilikuwa na mikono ya kuangusha watu, akaipa kazi nyingine. Nilikuwa nimejificha, akamtuma mama mwenye haki ya kunichukia aje kubisha hodi.

Kama wewe kichwa kinakuuma na unamficha mkeo, au una vidonge mfukoni sasa hivi hapa kwenye benchi, au umemkosea mtu na unapita njia ya nyuma, mwamini Bwana leo. Usianguke ili tukuone. Njoo tu ukae karibu nami tukitoka, nitakusindikiza Masasi, au kwenye mlango ule unaouogopa. Mungu hakunitupa mimi. Na wewe hatakutupa. Amina.