Nililiona Shati

Wazee wangu, shikamooni. Wa msikitini na wa kanisani nawasalimu kwa pamoja, maana moto ulioteketeza nyumba yangu haukuuliza dini ya mtu.

Ilikuwa alfajiri, wakati wa kampeni. Ukungu umelala Newala mpaka huoni mkorosho wa jirani. Niliamka kwa kukohoa moshi, nyumba inawaka. Nje nikaona mtu anakimbia, amevaa shati la rangi ya chama cha wenzetu, kama anaelea, kisha akayeyuka. Uso sikuuona.

Mahakamani nikasema nimeuona. Nikamtaja kijana wa mtaa wa chini, aliyezoea kumcheka mgombea wangu. Ndugu zangu, nawaambia, sikuhisi nasema uongo. Hasira ilinichorea uso, nami nikauamini. Akafungwa.

Tangu hapo nikawa mtu wa kutembea ndotoni. Wenzangu wakikaanga korosho, moshi ukipanda, nakaa nao nisisikie wanachosema. Nasikia miguu tu, inakimbia ndani ya ukungu.

Ikaja barua ya kumwombea yule kijana msamaha wa Rais. Mji ukagawanyika. Wa kwetu: "Aozee humo humo!" Wa kwao: "Kafungwa kwa siasa, aachiwe!" Mimi nasimamishwa kila mkutano, napigiwa makofi, eti ndiye niliyeumizwa. Nikakonda.

Akafariki mama mkwe wangu. Tunataka kutoa jeneza, mtani wetu, bibi mmoja wa chama kile kingine, akajilaza mlangoni. "Marehemu hatoki mpaka mkamwana anijibu!" Watu wakacheka, mtani msibani hakasirikiwi. Tukadhani anataka kuku. Akaniuliza, "Mnagombania msamaha kutwa kucha. Hivi we Mama Somoe, huo msamaha, wa kumwomba mwenzie ni nani?"

Alikuwa anatania tu, hakujua kitu. Lakini mimi nilikaa chini palepale. "Ni mimi," nikasema. "Sikuuona uso. Nililiona shati."

Kicheko kikakatika. Bibi akainuka, akajipangusa vumbi, akanishika mkono, tukaenda kuzika.

Kesho yake akanisindikiza Masasi kwa wakili, nikaapa upya. Wa kwetu wakaniita msaliti. Wa kwao wakataka kunipandisha jukwaani. Nikawakatalia wote. Ilichukua muda, lakini kijana alitoka.

Namshukuru mtani wangu, yule mchokozi. Namshukuru mume wangu, aliyekula nami siku ambazo hakuna jirani aliyepiga hodi. Funzo langu ni dogo: ukiitwa shahidi, sema ulichokiona, ushabiki uuache nyumbani. Ushabiki una macho, ila ya kuazima.

Bado moja. Yule kijana alipotoka tulikutana njiani, akaniamkia kwa adabu. Nikaitikia, nikapita haraka kama mwenye safari. Hilo linanitesa mpaka leo. Nami namwona yumo humu ukumbini, benchi la nyuma.

Mwanangu, mimi sina la kukusamehe, maana hukunikosea. Nakuomba wewe unisamehe. Na ukikataa, una haki.