Veneranda Paschal na Presha ya Usiku

Baba Padre, wazee wa ukoo, majirani wa Gonja na ninyi mliopanda kutoka Same na Makanya, naomba utulivu wenu kidogo. Naitwa Ernesta Paschal, mdogo wake marehemu, kwetu tulizaliwa wawili tu, na familia imenikabidhi karatasi hii niisome kwa kuwa nilikuwa mtu wake wa karibu. Nitaisoma, ila kuna mahali nitaiacha, na wazee mtanisamehe.

Dada yetu Veneranda Paschal alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 hapa hapa Gonja, mtoto wa kwanza wa mzee Paschal na mama yetu, ambao wote wametangulia, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Mimi nilifuata tarehe 2 Juni 1948, na tangu nipate akili nilisikia habari moja tu, mwangalie Vene anavyofagia, mwangalie Vene anavyoitikia shikamoo, mbona wewe hivi. Nimemwonea wivu tangu hapo, nalisema mbele ya jeneza lake kwa sababu yeye mwenyewe alijua na alikuwa akinicheka.

Kuhusu elimu, alianza darasa la kwanza Januari 1954, akachaguliwa kwenda shule ya kati ya wasichana mwaka 1958, akamaliza darasa la nane Desemba 1961. Nami mwaka 1960 nilifaulu mtihani wa darasa la nne, lakini baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, na huyo mmoja alikuwa ameshaanza, hivyo nikabaki na jembe. Sijui kama ningefika mbali, ila ningependa kujua.

Kuhusu kazi, tarehe 3 Februari 1964 aliajiriwa kuwa karani katika shamba moja la mkonge huko tambarare, akakaa na watu wa kila kabila kwa miaka ishirini na mitatu bila kupewa onyo hata moja. Mwaka 1983, sabuni ilipokuwa haionekani na sisi huku juu tukifulia majani ya mpapai, alipanda mlima kwa mguu na mche mzima wa sabuni ameufunga kwenye kanga, akaniletea mimi, nami nikafulia kwa hasira, kwa kuwa majirani wote walimsifu yeye na hakuna aliyetazama nguo zangu zilivyotakata. Shamba lilipofungwa mwaka 1987 wenzake wengi walirudi makwao mikono mitupu, lakini yeye akafungua kibanda cha mitumba soko la Same, na mambo yakamwendea.

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1969 na Bwana Method Eliamini, mtumishi wa reli, na shemeji Method hapo alipokaa anakumbuka ni dada yupi alimsalimia kwanza pale mlangoni mwa kanisa, hilo tuliache. Mungu akawajalia watoto wanne, wote wako hai, wote wamesoma, na mkubwa wao, Mary, ni mwalimu. Mimi nilijaliwa mmoja.

Sasa nafika kwenye kuugua kwake. Karatasi inasema marehemu aliugua ghafla, na hapa ndipo ninapoiacha karatasi.

Mwenye presha katika nyumba ya mzee Paschal nilikuwa mimi, niligunduliwa tarehe 11 Mei 1989, na kusema ukweli nilifurahi. Nilipewa kiti penye shughuli, nikapikiwa chakula changu kisicho na chumvi, nikabebewa ndoo za maji, na dada akawa anapanda kila mwezi kunipeleka kliniki. Kila tukifika walimpima na yeye, kila mara mia na ishirini kwa themanini, manesi wakamsifu mbele yangu, nikaumia, ila nilijifariji kwamba angalau ugonjwa ni wangu.

Agosti 1993 nililazwa, dada akaja kuniuguza, akalala kwenye mkeka kando ya kitanda changu, akikoroma na kuamka kwenda chooni mara tatu, mara nne, nami nikamtania kwamba ananiibia usingizi. Usiku wa tarehe 18 alilalamika kichwa, na nesi Beatha aliyekuwa zamu, alipomaliza kunipima mimi, akamfunga na yeye ule mpira mkononi. Yangu ilikuwa imeshuka, ya dada ilikuwa mia na tisini kwa mia na kumi na tano, na Beatha alipopima mkono wa pili ikawa vilevile. Asubuhi daktari alimpima akakuta mia na ishirini na mbili kwa themanini, lakini hakumpuuza Beatha, alitueleza kwamba usiku presha ya mtu inatakiwa kushuka ili moyo upate nafuu, ya wengine haishuki, na wachache huwapanda wakiwa wamelala, na hao ndio anaowahofia zaidi, kwa sababu mchana wanaonekana wazima na usiku moyo unachakaa. Akaomba dada alazwe siku tatu ili apimwe usiku.

Dada alinigeukia akaniuliza, mdogo wangu, wasemaje? Ndugu waombolezaji, niliona hata hiki anakichukua. Nikamwambia, dada, wewe u mzima, mashine yao imechoka, nenda kafungue kibanda chako, mwenye presha hapa ni mimi. Akacheka, akakunja mkeka, akaondoka na basi la saa nne. Nilipotoka wodini nilimwambia asihangaike tena kunipeleka kliniki, na huko kliniki Beatha alinituma mara mbili nimwambie arudi kupimwa. Ujumbe huo sikuufikisha.

Mauti yalimkuta nyumbani kwake Same, alfajiri ya Ijumaa tarehe 9 Februari 1996, akiwa usingizini, na daktari alisema ni moyo. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Tangu juzi nasikia minong'ono kwamba kuna mtu wa sokoni amemfanyia kwa wivu wa biashara, nawaomba muwaache wale kina mama wafanye biashara yao. Wivu ulikuwepo, lakini haukutoka sokoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta kuni, mahindi na maji, wenzake wa soko la Same, na waliofanya naye kazi kwenye mkonge ambao wametoka mbali. Namshukuru kwa namna ya pekee nesi Beatha, aliyeketi pale nyuma, ambaye leo ndio anajua kwa nini dada hakurudi. Na wewe Mary, mwanangu, jana umeniambia kwamba unaamka na kichwa kinauma, basi tukishaanua matanga tutakwenda pamoja, utalala wodini, na watakupima usiku.

Dada Vene, kila ulichopata nilikitaka, na siku ulipopata ugonjwa nikakunyima hata huo. Mgonjwa ulikuwa wewe, dada. Mungu akupe pumziko jema.